Kamera ya Saba

4 Februari

Mwanangu amekuwa mkuu wa kamera! Kamera za mwendo, ndugu yangu, zile zinazopiga picha gari linalokimbia. Barabara kuu yote, toka inapoingia mjini mpaka inapotokea, amekabidhiwa mpwa wako. Barua ya uteuzi nimeishika kwa mikono yangu miwili. Ina mhuri, na mhuri wenyewe haukufifia.

Haya, sasa salamu. Mdogo wangu mpendwa, hujambo? Wifi yangu hajambo? Kuku wake wale wakorofi wamepunguza kupigana? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linanilalamikia kila nikikanyaga pedali ya cherehani. Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema hajasahau kwamba uliondoka na mwavuli wake. Nakuandikia kwa sababu simu nimechoka nayo. Kila nikipiga, "Dada, niko kwenye usukani," kisha kimya, umekata. Karatasi huwezi kuikata.

Turudi kwa mkuu wa kamera. Mtoto niliyemzaa mimi, mimi niliyeishia darasa la saba, leo akiingia ofisini watu wazima wenye ndevu wanamwita Injinia. Wiki iliyopita alihojiwa redioni dakika tatu nzima. Nilizima cherehani, nikawaambia wateja wote wanyamaze, hata yule aliyekuwa amesimama na pini mabegani.

Maana hapa mjini hakuna habari nyingine. Kinyozi wa jirani anasema kamera ni mtego wa panya, na panya ni sisi. Muuza viatu wa ng'ambo anasema mwanawe alivunjwa mguu na gari lililokuwa linakimbia, kwa hiyo kamera hata zikiwekwa juu ya kila paa yeye ataleta ngazi. Wanabishana mpaka kinyozi anamwacha mtu na nusu ya ndevu. Mimi nikipita wananyamaza. Wanajua mimi ni mama wa nani.

Nimekwenda hata ofisini kwake. Bosi wake, ndiye mkuu wa idara, ni bwana mpole sana mwenye suruali iliyoshonwa na adui yake. Mguu mmoja umeishia kwenye kifundo, mwingine unafagia sakafu. Nilitamani nimvue pale pale nikairekebishe, ila nilijizuia kwa heshima ya mtoto.

Sasa sogea nikwambie la ndani. Masanduku ya kamera yaliletwa bila vifuniko vya kuyakinga na vumbi mpaka siku ya kuwashwa. Mafundi wawili walipewa vipimo, wakashindwa pembe. Mwanangu akasema, "Mpelekeeni mama yangu." Nimeshona vifuniko sita vya turubai ya kijivu, pembe zimekaa kama za bahasha. Na kila kifuniko kilikuwa na kikaratasi cha mahali kinapokwenda, ili wafungaji wasichanganye. Mpwa wako amenionya kwamba mahali penyewe ni siri, nisimwambie mtu yeyote. Lakini wewe si mtu yeyote. Wewe ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja.

Basi sikia. Ya kwanza iko kwenye kona ya shule ya msingi. Ya pili darajani, upande wa kushoto kama unaingia mjini. Ya tatu mteremko wa kiwanda cha matofali. Ya nne lango la hospitali. Ya tano njia panda ya stendi. Ya sita kwenye miti mirefu baada ya kituo cha mafuta. Na ya saba, nisikufiche, iko hapa hapa mbele ya duka langu, juu ya nguzo ya taa. Wameiweka kwa heshima ya mama wa mkuu.

Ukipita na lori lako la saruji, tabasamu. Mpwa wako anakupiga picha.

Ni mimi dada yako, Fundi.


27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikaa posta siku kumi na moja, nadhani nayo iliogopa kukimbia. Sisi hatujambo. Wifi yako mzima, kuku nao wazima, ila jogoo amehamia kwa jirani na hataki suluhu. Mwavuli wa shemeji upo, mwambie umepata hewa nzuri huku. Ukiona mwandiko huu si wangu usishtuke, nilibanwa kidole na mlango wa lori, kwa hiyo mimi natamka na mtu ananiandikia.

Hongera sana kwa mpwa wangu. Nilijua toka siku ile alipoifungua redio yangu akiwa na miaka minane na kuirudisha ikiwa na skrubu mbili zilizobaki. Tena ikaimba vizuri zaidi.

Lakini dada, udugu ni udugu na barabara ni barabara. Mimi ndiye msemaji wa madereva hapa yadi, na hizo kamera hatuzitaki. Trafiki wa zamani alisimama mbele yako na kofia yake nyeupe. Unamwona, anakuona, mnaongea kama watu. Sanduku utaliambia nini? Kwamba lori lilikuwa na mzigo mzito na mteremko ulilisukuma? Na kama nia ni njema, kwa nini linajificha majanini kama mwizi wa kuku? Anayetaka nipunguze mwendo aniambie "punguza". Anayejificha anataka nikosee.

Usinifikirie vibaya. Mimi naendelea na safari zangu kama kawaida. Wenzangu hapa waliniita Upepo, na Upepo ni Upepo.

Barua yako imetufurahisha mno. Hasa pale pa suruali. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika.

Mdogo wako.


19 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Pole na kidole. Mpe wifi yangu pole ya jogoo, mwambie mwanamume akihama hafuatwi, anapikiwa harufu. Huku mvua imeanza, kwa hiyo shemeji yako anaulizia mwavuli mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kama dawa.

Kamera ziliwashwa tarehe mbili. Niliona mwenyewe wakivua vifuniko vyangu, na yule mfungaji mkubwa akasema hajawahi kuona mshono kama ule. Nikamwambia kasema kweli.

Ila kuna jambo. Sijui nilianzeje, basi nalianza. Magari madogo yanapigwa picha kama kawaida, hata kinyozi kapigwa, na sasa anahutubia zaidi. Lakini malori ya saruji, malori ya kwenu, hayapigwi. Hata moja, wiki mbili na nusu sasa. Yanafika kona ya shule yanapunguza. Yanafika darajani yanapunguza. Kwenye mteremko wa matofali yanashuka polepole kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni. Yakishapita, vuuu! Yameondoka. Hata hapa mbele ya duka langu wanapunguza, na wengine wananipungia mkono. Mwanzoni nilifurahi. Nikawaambia wateja, mnaona heshima?

Sasa ofisini wanasema kuna mtu aliyeuza orodha. Na waliokuwa na orodha ni wanne tu, mwanangu akiwa wa kwanza. Ameitwa mbele ya kamati tarehe 24 Aprili ajieleze, na asipojieleza vizuri kiti hicho atakiacha. Mtoto hali. Anageuza chakula kwenye sahani kama anatafuta skrubu. Kaniuliza, "Mama, nani anaweza kunifanyia hivi?" Nikamwambia wenye wivu ni wengi. Kisha nikarudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa shati kwenye shingo.

Mdogo wangu, uliandika "barua yako imetufurahisha". Mkafurahi akina nani? Wewe na wifi yangu tu mnaitwa "watu"? Na barua yenyewe umeiweka wapi?

Nijibu upesi. Dada yako.


4 Aprili

Dada, shikamoo.

Huku mvua bado, joto tu. Wifi yako anakusalimu. Jogoo amerudi, amenyamaza, hatumuulizi kitu. Kidole kinaendelea vizuri ila bado hakijakunjika.

Nimesikitika kwa habari za mpwa wangu. Maofisini huko ndimi ni ndefu, wachunguze vizuri huko huko. Barua yako iko sandukuni, imekunjwa vizuri, usiwe na wasiwasi. Kwamba madereva wanapunguza mwendo, labda wamezeeka. Watu hubadilika.

Mimi niko njiani kila siku, ndiyo maana naandika kwa kifupi.

Mdogo wako.

Nyongeza. Dada yangu nisiyekujua, huyu anayekusemesha hapa ni mimi ninayemwandikia mdogo wako, mama wa chai wa hapa yadini. Nimeshamsomea barua yake akaridhika, akatia sahihi, sasa naongeza yangu kwa sababu dhambi ya kunyamaza nayo ni dhambi. Hakubanwa kidole. Vidole vyake vyote kumi vizima, anavitumia kumega mkate wangu. Macho ndiyo hayaoni karibu. Herufi kwake ni siafu. Barua yako ya kwanza aliniletea niisome, nami sauti yangu Mungu alinipa ya kuitia watu chai kutoka getini. Niliisoma kantini, madereva arobaini wakisikia, na ulipofika kwenye orodha ya kamera mmoja aliomba nirudie. Nikarudia. Nilidhani ni salamu. Na hayuko njiani. Tangu Januari yuko hapa yadi anahesabu matairi, hajagusa usukani. Kwa nini, hilo akueleze mwenyewe. Nisamehe. Suruali ya yule bwana bado tunaicheka.


12 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zote zipo, nimezihifadhi, utazipata mwishoni. Kwenye kifurushi hiki ninachompa dereva mwenzako anayepita leo kuna miwani yangu ya akiba, ile ya kutungia uzi. Ina fremu ya waridi na mnyororo. Ivae. Usinililie rangi. Ukishaivaa usimpe mtu barua hii. Na kama ni mama wa chai ndiye anayeisoma, basi mama, asante kwa wema wako, sasa mrudishie mwenyewe na ufunge mlango.

Umeivaa? Unaona? Haya.

Mimi ndiye niliyemponza mwanangu. Si wewe. Wewe ulimwaga tu, lakini aliyejaza ndoo mpaka juu ni mimi. Ningeweza kusema nilikuandikia kwa sababu ya udugu. Uongo. Nilikuandikia kwa sababu nilikuwa na jambo kubwa na nilitaka mtu aone kwamba ninalo.

Sasa sikia lilivyofumuka. Jumatano mwanangu alikuja dukani mchana, si kawaida yake. Ana daftari na kile kifaa cha mkononi cha kupimia mwendo. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Lori la saruji likaja. Likapunguza. La pili likaja, likapunguza. La tatu nalo, na dereva akanipungia mkono, "Shikamoo mama mkuu!"

Akafunga daftari. "Mama."

"Abee."

"Hapa hakuna kamera."

Nikatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

"Wanapunguza mahali saba," akasema. "Kamera ziko sita. Walioiona orodha ofisini wanajua ni sita. Nimekaa usiku mbili najiuliza, ni nani duniani anayeweza kuongeza kamera moja, akaiweka mbele ya duka la mama yangu?"

Mdogo wangu, nilizaa mtoto mwenye akili. Hata katika aibu ile nilijivuna kidogo.

Nikamwambia yote. Kwamba kamera ya saba niliitunga. Kwamba miaka sita naomba tuta hapa mbele, nimeandika barua nne, sijajibiwa hata moja, na mteja wangu yule mzee wa kofia alirushwa na pikipiki na suti yake mpya mkononi, na wateja wanavuka kwa kukimbia kama wameniibia. Mtu akishaomba tuta miaka sita akakosa, akasikia kamera zinagawiwa, jamani, atajigawia yake. Kwenye barua tu. Sikujua barua yangu ina nguvu kuliko wizara.

Alicheka. Kisha akalia. Kisha akafanya vyote pamoja, nami vile vile, na mteja aliyekuja kuchukua sketi akarudi nyuma taratibu.

Lakini sasa tatizo ni hili. Tarehe 24 kamati inamsubiri, na anasema hatanitaja. "Nitasema ni kosa langu, niliacha vikaratasi kwenye vifuniko." Nikamwambia mimi nitakwenda mwenyewe. Anasema nikikanyaga pale hatanisemesha mwaka. Atapoteza kazi yake kwa ajili ya ulimi wangu, nami nikae nipige pasi?

Mimi nitakwenda. Lakini neno la mama juu ya mwanawe ni kama neno la muuza ndizi juu ya ndizi. Anayetakiwa ni dereva. Wewe ndiye msemaji wao. Barua ninayo wapi? Unayo wewe.

Na hilo la usukani na matairi, sikuulizi. Nakusubiri uniambie.

Salamu zako hizi hapa: wote wazima, goti linauma, mwavuli unaulizwa.

Dada yako.


19 Aprili

DADA, SHIKAMOO.

Huu ni mwandiko wangu. Ni mkubwa, nivumilie, mkono umesahau. Nimekaa nyuma ya stoo ya matairi, nimeivaa. Mnyororo unanitekenya shingo. Nimeisoma barua yako yote peke yangu, mara mbili, na sikujua kuna raha kama hii ya kusoma polepole bila mtu kukucheka pembeni.

Mwaka jana mwishoni nilipigwa picha tatu kwa mwezi mmoja, kwa kamera za huku kwetu. Kampuni ikaniondoa barabarani. Wenzangu wakanipigia makofi, Upepo kashinda kamera tatu! Nikakubali makofi. Ukweli, dada, sikuwa nakimbia kwa ubishi. Barabara naiona mpaka mwisho, gari la mbele naliona, mtu naona. Mshale wa spidi ndio sikuuona. Dashibodi yote ilikuwa ukungu. Nilikuwa nakisia kwa mlio wa injini, na injini mpya hizi hazilii.

Ningesema, wangenipima macho. Nikipimwa, nilidhani ndio mwisho wangu. Afadhali kuitwa mkaidi kuliko kuitwa kipofu. Basi nikasimama kantini nikalaani kamera kila siku, na nilivyozidi kulaani ndivyo watu walivyozidi kuniamini.

Mpwa wangu yule ndiye aliyeninong'oneza kwenye mazishi ya mama kwamba nimeshika kitabu cha nyimbo juu chini. Hakumwambia mtu. Amenitunzia siri miaka miwili, na mimi siri yake sikuitunza siku moja.

Tarehe 24 nakuja. Nimeomba nafasi kwenye lori la mwenzangu, lazima niondoke siku hiyo hiyo saa nane. Barua yako ninayo mfukoni. Usimwambie.

MDOGO WAKO.


11 Mei

Mdogo wangu kipenzi, shujaa wangu mwenye fremu ya waridi!

Hujambo? Wifi yangu? Jogoo? Huku furaha imetujaa mpaka goti limesahau kuuma. Uliondoka na lori kabla ya uamuzi, na uamuzi wenyewe umechukua wiki mbili na ushee, nami nimeapa usiupate kwa simu. Ukate tena? Hapana. Utaupata kwa mpangilio.

Kwanza nikukumbushe ulivyokuwa, maana mwenye kusema hajioni. Uliingia pale chumbani na koti la marehemu baba. Mwanangu alipokuona nyuma yangu alisema kwa meno, "Mama, nilikukataza," nami nikamwambia, "Ulinikataza mimi, mjomba hukumkataza." Ukaivaa miwani, mnyororo na yote, na hakuna aliyethubutu kutabasamu. Ukaisoma barua yangu yote kwa sauti. Nilikukonyeza ukifika kwenye suruali uruke. Hukuruka! Ulisoma mpaka "unafagia sakafu", na mkuu wa idara akainama taratibu akajitazama miguu. Mimi nilitamani nimezwe na kapeti.

Kisha ukawauliza lile swali: "Mlitaka tupunguze mwendo, au mlitaka picha zetu?" Mezani walikuwa watano. Yule bwana mwembamba wa kamati akakugeuzia: "Na mahali ambapo hamkuambiwa kuna kamera, mnapunguza?" Nilidhani utajisifu. Ukavua miwani, ukasema, "Hapana, bwana. Huko tunakimbia. Siwezi kukudanganya nimevaa koti la baba." Ukamwambia na la mshale wa spidi, mbele ya watu wote. Mwanangu aliangalia dirishani muda mrefu sana baada ya hapo.

Sasa yaliyofuata ulipoondoka. Mkuu wa idara akaagiza daftari la ajali la tangu kamera ziwashwe. Kona ya shule, ambako kila mwezi kulikuwa na mtoto au baiskeli: hakuna. Darajani: hakuna. Mteremko wa matofali: kibuyu kimoja cha mafuta kilichoanguka chenyewe. Hapa mbele ya duka langu: hakuna. Akauliza, "Na hapa pana nini?" Mwanangu akajibu, "Hapa hapana kitu, mheshimiwa. Pana barua ya mama." Wakabishana, wengine wakisema ukimwonyesha mtu kamera umemfundisha kukimbia kwingine. Na mwembamba ana haki yake, wewe mwenyewe ulimpa. Mwanangu ndiye aliyewapatanisha. Kamera sita ziwekewe vibao vikubwa mita mia tatu kabla, kila mtu asome, hakuna kujificha majanini. Na iwepo nyingine moja ya kuhamahama, leo hapa kesho pale, isiyojulikana na mtu. Kinyozi kasema hilo la vibao ni la haki na hilo la kuhamahama ni uchawi, kwa hiyo bado ana kazi.

Mwanangu amepewa karipio la maandishi kwa vile vikaratasi. Nimelisoma, limeandikwa kwa adabu. Na katika bahasha hiyo hiyo kuna barua ya kumkabidhi kazi ya vibao vyote. Kiti hajakiacha! Anakula tena, jana kaomba kuongezewa. Mimi nimepigwa marufuku kushona chochote cha idara, jambo ambalo halikuwazuia kuniletea kazi: Ijumaa mkuu wa idara alikuja dukani peke yake, amebana mfuko kwapani. Suruali nne! Akasema, "Mama, nipime, lakini usimwandikie mtu." Kama unavyoona, nimejitahidi.

Kamera ya kuhamahama iko wapi, mimi mama yake sijui, na safari hii siulizi. Jana mwanangu alipokea simu mezani, akaanza kusema mahali, nikaziba masikio nikaimba.

Na wewe nimesikia, usidhani sisikii. Mama wa chai sasa ananiandikia mwenyewe. Kampuni imewapima macho madereva wote kwa sababu yako, na tisa wamekutwa na ukungu kama wako, tisa wa arobaini, wote walikuwa wanakisia! Na kwamba umepewa miwani yako, nyeusi, na tarehe moja Juni unarudi kwenye usukani. Anasema jina lako la Upepo limebadilishwa, sasa unaitwa Waridi, na unajibu ukiitwa. Mimi nimecheka, kisha nimekaa chini nikafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Miwani yangu unirudishie, uzi unanishinda.

Sasa la mwisho, ndilo kubwa, nimeliweka chini makusudi. Barua zangu nne za kuomba tuta zimepatikana, zilikuwa zimefungwa pamoja kwenye kabati na kamba. Tuta wamekataa, barabara kuu haiwekwi tuta. Lakini tunapata kivuko cha rangi nyeupe na kibao kikubwa kuliko vyote. Kibao hakina kamera nyuma yake, hakina chochote, kimeandikwa tu maneno, na maneno yenyewe mwanangu aliwaomba kamati wachukue yako: "Punguza mwendo. Watu wanavuka." Vile vile ulivyosema, anayetaka upunguze akuambie.

Kibao kimeshasimamishwa, hakijafunuliwa. Kimefunikwa kwa turubai ya kijivu, pembe zake kama za bahasha. Ndiyo, nilikuwa nimeshona kifuniko cha saba toka Januari, kwa kipande kilichobaki, nikakificha chini ya meza. Sikumwambia mtu, hata wewe. Sasa nimekiongezea upana, kimepata kichwa cha kuvaa.

Atakayekivua ni wewe, na utakisoma kwa sauti, ukiwa mbali hatua thelathini, kisha ukiwa karibu kabisa. Mwanangu ndiye aliyependekeza, si mimi. Mlete wifi yangu, mlete mama wa chai na sauti yake, madereva wenye nafasi waje, wapunguze mwendo tuwatambue. Jogoo abaki. Mwavuli uje, shemeji yako atasimama mlangoni akiungojea.

Ni Jumamosi tarehe 30 Mei, saa nne kamili asubuhi, mbele ya duka langu. Njooni wote.